Upande wa Pili wa Santuri

Niliingia katika bendi ya roki kwa sababu ya viti vya kukodi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa Kenya kuja Birmingham, Uingereza, kusomea ufundi wa umeme, na nilipanga chumba cha juu mtaa wa Lozells, katika nyumba ya mama mmoja mjane kutoka Jamaika. Siku za kazi alikuwa mpishi wa shule. Jumapili kanisa zima lilimtegemea. Sikuwa nimemaliza hata wiki kwake aliponiuliza, huku akinipakulia wali na maharagwe, kama kuna kitu chochote ninachojua kufanya mbali na kusoma.

"Napiga kinanda, Mama," nikamwambia. "Nilifundishwa shuleni, kwa wamishenari."

Akaweka mwiko chini. Mpiga kinanda wa kanisa lao alikuwa amehamia London, na tangu aondoke walikuwa wakiimba bila ala, kila mtu na sauti yake. Jumapili iliyofuata nikajikuta nimeketi mbele ya kinanda cha kanisa, na akina mama wa Jamaika wakinitazama kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Kwa hiyo nilipewa ufunguo, na siku ambazo chuo kilifunga mapema nilikwenda kufanya mazoezi peke yangu. Nikiwa peke yangu sikupiga tenzi kama zilivyoandikwa. Mjomba wangu alikuwa mpigaji wa litungu, ile ala yetu ya nyuzi ya kwenye sherehe, na alikuwa na mzunguko mmoja ambao ulinikaa kichwani tangu utotoni. Ukidhani umefika mwisho, unakuongezea pigo moja zaidi, ndipo unaanza upya, kwa hiyo mguu wako kila mara unakuta ardhi imesogea kidogo. Huo niliupiga kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia nilipiga tenzi, polepole, nikizivuta kama tulivyokuwa tukizivuta nyumbani.

Alasiri moja nilisikia kishindo nyuma yangu. Kijana wa Kizungu, nywele zimemfika mabegani, amevaa koti kuukuu la jeshi, alikuwa amesimama mlangoni na viti vinne vya kukunja mikononi. Kulikuwa na harusi kanisani siku ya pili yake, na yeye alikuwa dereva wa gari la kampuni ya kukodisha viti. Kishindo kilikuwa cha kiti cha tano.

"Rudia hiyo," akasema.

"Utenzi?"

"Hiyo ya mkono wa kushoto. Nani aliitunga?"

"Mjomba wangu."

"Anakaa wapi? Anaweza kuja mazoezini?"

Nikacheka. Nikamwambia mjomba anakaa mbali, ana ng'ombe wa kuangalia. Akafikiri kidogo, viti bado mikononi. "Basi njoo wewe," akasema. Alikuwa anapiga gitaa katika bendi, na bendi yao ilikuwa inatafuta mtu wa kinanda.

Mama mwenye nyumba hakupinga, ila alitaka kumwona kwanza. Akamwalika chai. Kijana akaja amechana nywele, akaketi ukingoni mwa kochi, akajibu maswali kama mtu aliyefika mahakamani. Mama akamuuliza kama anavuta bangi. Akasema hapana, kifua chake hakiruhusu. Akamuuliza kama anasali. Akasema hasali, lakini bibi yake anamwombea kila siku. Mama akamkatia kipande kikubwa cha keki ya tangawizi, na hapo nikajua nimeruhusiwa.

Mazoezi yalifanyika mtaa wa Perry Barr, katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mpiga ngoma. Huyo mpiga ngoma alikuwa mwoka mikate, mtu mnene, mkimya, mwenye mikono ya kukandia unga, na alipiga ngoma zake hivyohivyo, kwa subira, kama anayesubiri kitu kiumuke. Lakini aliyenishangaza ni mpiga gitaa la besi. Alikuwa Kalasinga, kilemba cha buluu, ndevu bado changa, ameinama anachomeka waya. Alipoinua uso akanitazama juu hadi chini.

"Karibu, ndugu," akasema kwa Kiswahili. "Umetoka pande gani?"

Tangu nishuke kwenye ndege sikuwahi kusikia Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu nisiyemjua. Nikamtajia kwetu.

"Ah! Sisi majirani! Mimi ni wa Kisumu, bwana. Nimezaliwa kwenye nyumba za reli. Mzee wangu alikuwa gadi wa treni miaka yote."

Tukashikana mikono, tukacheka, tukaulizana habari za samaki, za joto, za soko, mpaka mpiga gitaa akatukumbusha kwamba amelipa petroli ya kuja pale. Tangu siku hiyo mimi na Kalasinga tuliongea Kiswahili mazoezini, na wale wengine wawili waliamini siku zote kwamba tunawasengenya. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Muziki wenyewe sikuuelewa mwanzoni. Nilizoea nyimbo zenye beti na kiitikio, zinazoanza na kuisha. Hizi zilitembea. Wimbo ungeanza kwa gitaa la taratibu kama mtu anayeamka, ukapanda, ukavunjika katikati, ukageuka kitu kingine, ngoma zikabadili mwendo, kisha kinanda kikaachiwa nafasi ndefu ya kusema kinachotaka. Mzunguko wa mjomba uliwasumbua sana wenzangu. Mwoka mikate aliupata wa kwanza: aliacha kuhesabu, akafumba macho, akaanza kutikisa mabega kama mtu anayecheza sherehe ya kwetu bila kujua. Nilimwambia hivyo. Akaona haya, akasema ni unga ndio humfanya atikise mabega.

Mara ya kwanza tulipopiga mbele ya watu ilikuwa ghorofani juu ya baa moja ya mjini. Nilivaa suti yangu ya Jumapili. Vijana walikuwa wameketi sakafuni na shanga na makoti yao, na tulipoanza hakuna aliyecheza. Hakuna hata mmoja. Waliinamisha vichwa, wengine wakalala kabisa chali. Nilipiga nikiwaonea huruma, nikidhani tumewachosha. Wimbo ulipokwisha kukawa kimya, nikaanza kufunga kifuniko cha kinanda. Ndipo wakapiga makofi, na hawakuacha upesi.

"Hivi ndivyo wanavyofurahi hawa," Kalasinga akaninong'oneza. "Kama wako hospitali."

Hospitali ndiko alikotoka mtu mwingine wa hadithi hii. Kanisani alikuja binti mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Siku ya kwanza nilipomsalimia kwa Kiswahili alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akasema, "Ahsante, kaka. Kiswahili chako kinachechemea lakini kinafika."

Nilimwalika aje asikie bendi. Akaja gereji Perry Barr, bado na viatu vyeupe vya kazi, akaketi juu ya gunia la unga na kikombe cha chai, akasikiliza wimbo mrefu kuliko zote tulizokuwa nazo. Tulipomaliza akaniuliza, "Huyu anaimba nini?"

"Sijui, dada."

"Hujui? Unapiga na yeye kila wiki!"

"Maneno yake ni ya mafumbo. Nafuata sauti tu."

"Mwulize basi."

Nikamwuliza. Mpiga gitaa akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaeleza kwamba alipokuwa mtoto kulikuwa bado na tramu Birmingham, na yeye alikuwa akipanda na babu yake mpaka mwisho wa reli, huko ambako kondakta aliwaambia wote washuke. Aliumia kila mara. Alitaka kujua tramu ingekwenda wapi kama isingesimama. Wimbo ulikuwa juu ya tramu ambayo haikusimama: ilipita nyumba za mwisho, ikapita mashamba, ikaendelea.

Binti wa Kisauni akanywa chai yake. "Sasa hapo nimeelewa," akasema. "Wimbo mzuri. Ila mngemwambia mapema, angekuwa amepanda gari moshi la Mombasa, lile linafika." Nilipomtafsiria, mpiga gitaa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kalasinga hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kampuni moja ndogo ya London ikatupa nafasi ya kurekodi santuri. Studio ilikuwa hapohapo Birmingham, vyumba viwili nyuma ya duka la mapazia, kuta zimefunikwa blanketi. Fundi wa sauti alikuwa mzee mwenye tai, aliyezoea kurekodi kwaya na bendi za tarumbeta, na alituita "mabwana" hata alipokuwa amekasirika. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri: nyimbo fupifupi ambazo tulizijua hata usingizini. Upande wa pili ulikuwa wimbo wa tramu peke yake.

Katikati ya wimbo huo kulikuwa na mahali ambapo gitaa na ngoma zilinyamaza, zikabaki besi na kinanda tu kwenye mzunguko wa mjomba. Mpiga gitaa alikuwa ameyahamishia maneno yake yote hapo, ayaseme badala ya kuyaimba, lakini siku ya pili ya kurekodi aliamka na koo limevimba. Alikuwa ametumia sauti yake yote kwenye upande wa kwanza. Alifungua mdomo, ikatoka sauti kama ya mlango mbovu. Fundi akatazama saa ya ukutani. Studio ilikuwa imekodishwa na watu wengine kuanzia jioni.

"Acheni hivyohivyo, bila maneno," mwoka mikate akasema.

"Hapana," Kalasinga akasema. Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili: "Ndugu, unakumbuka gadi anavyoita vituo?"

"Nakumbuka."

"Basi mimi naita, wewe unaitikia. Kama mzee wangu."

Hatukujaribu hata mara moja. Taa nyekundu ikawaka, wimbo ukaanza, ukapanda, ukafika pale penye kimya. Nikaanza mkono wa kushoto. Kalasinga akasogea kwenye maikrofoni, vidole vyake vikitembea kwenye besi, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nzito ya mtu mzima aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni:

"Kisumu!"

"Tunaondoka!" nikaitikia.

"Kibos! Miwani! Chemelil!"

"Twende!"

"Muhoroni! Koru! Fort Ternan!"

"Twende!"

Treni ikapanda mlima. Lumbwa, Londiani, Mau Summit. Nilisikia baridi ya kule juu, ile baridi ya alfajiri inayofanya abiria wafunge madirisha, na mkono wangu wa kulia ukaanza kupiga kitu ambacho hakikuwa utenzi wala hakikuwa roki. Mwoka mikate akaingia kwa brashi kwenye ngoma ndogo, sauti ya magurudumu kabisa. Molo, Turi, Elburgon, Nakuru. Kalasinga alipoita Nakuru sauti ilimkatika kidogo, akaacha ikatike. Kisha gitaa likaingia, na tramu ya Birmingham ikapokea njia kutoka hapo.

Tukamaliza. Fundi wa sauti akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Sijui mmesema nini, mabwana," akasema. "Lakini hilo halirudiwi."

Santuri ilitoka. Jalada lake tulilionea dukani kama watu wengine: kampuni ilikuwa imeweka picha ya samaki wa zambarau anayeruka juu ya piramidi. Hakukuwa na samaki kwenye wimbo hata mmoja. Mpiga gitaa alisimama mbele ya dirisha la duka akiuliza, "Kwa nini samaki?" mpaka mwoka mikate akamvuta mkono.

Siku radio ilipoahidi kutupiga, mama mwenye nyumba aliwaita akina mama wote wa kanisa, akapika mbuzi wa mchuzi wa bizari, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya radio kana kwamba mchungaji anakuja. Tukapigwa. Wimbo mfupi kabisa wa upande wa kwanza, na mtangazaji akaanza kuongea juu yake kabla kinanda changu hakijaingia. Akina mama wakanigeukia.

"Wewe ulikuwa wapi hapo?" Mama akaniuliza.

"Nilikuwa karibu kuingia, Mama."

"Basi amekukata," akasema, akaizima radio kwa kidole kimoja. "Keti kwenye piano pale pembeni utupigie mwenyewe." Nikapiga, wakaimba, mbuzi akaliwa, na ikawa moja ya jioni nzuri nilizowahi kuwa nazo katika mji ule.

Nje ya sebule ile dunia haikusikia. Gazeti moja la muziki lilituandikia mistari michache, likasema tunajaribu mambo mengi. Santuri zilikaa kwenye maduka, kisha zikahamia kwenye makasha ya bei ya chini, kisha zikatoweka. Kampuni ya London nayo ikafungwa. Wengi huniuliza kama tuliumia. Mpiga gitaa aliumia, kwa miezi kadhaa, kwa sababu maneno yalikuwa yake. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimevuka bahari kujifunza kufunga nyaya, na njiani nikapewa watu watatu na santuri.

Hatukugombana. Mwoka mikate alipewa usimamizi wa tanuri, na kazi ya tanuri huanza watu wengine wakiwa bado wamelala. Mpiga gitaa akaoa, akapata pacha. Ndugu zake Kalasinga wakafika kutoka Kenya, kisha wengine kutoka Uganda walipofukuzwa kule, na nyumba yao ikajaa magodoro. Ikabidi afungue duka, Lozells, duka la unga, dengu, viungo na vitambaa. Mimi nilimaliza masomo, nikapata kazi ya umeme, nikamwomba binti wa Kisauni anioe, kwa maana nilichanganya viambishi kwa woga.

"Mwanamke haoi, kaka," akasema. "Mwanamke anaolewa." Akaniona ninavyotoka jasho. "Lakini nimekubali."

Bendi ilipiga mara ya mwisho kwenye harusi yetu, katika ukumbi wa kanisa, baada ya keki. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeketi mahali pa mama yangu.

Katikati ya miaka ya sabini Kalasinga alikuwa na gramafoni nyuma ya kaunta, na Jumamosi alipenda kupiga santuri yetu, upande wa pili, wateja watake wasitake. Mke wake alisema inafukuza watu. Nilikuwepo Jumamosi moja, nimekuja kununua unga wa mahindi, tukiwa tunabishana juu ya mpira, wakati mwanamke mmoja mzee wa Kihindi alipoingia na mfuko wake wa kamba. Alikuwa mgeni mtaani. Alianza kuchagua pilipili, moja moja, akiziangalia kwenye mwanga. Wimbo ukafika pale penye kimya. "Kisumu!" ikaita santuri. Mkono wa yule mama ukasimama juu ya pilipili.

Hakugeuka. Alisikiliza vituo vyote huku akitikisa kichwa taratibu kila kimoja kilipoitwa. Treni ilipofika Nakuru akageuka na kumtazama Kalasinga kwa ukali.

"Mmeruka Njoro," akasema kwa Kiswahili.

"Nini, mama?"

"Njoro. Iko kati ya Elburgon na Nakuru. Mimi nimeshuka Njoro na nguo za harusi, vumbi mpaka kwenye macho. Mume wangu alikuwa na duka pale. Wewe unatoka Elburgon unaenda Nakuru moja kwa moja, Njoro umepeleka wapi?"

Kalasinga alinitazama. Nilimtazama. Tulihesabu kwa vidole, huku tukinong'ona, na mama alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameligundua jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameisikiliza santuri ile kwa makini kama mama huyu alivyoisikiliza akiwa amesimama na pilipili mkononi.

"Samahani sana, mama," Kalasinga akasema. "Ni baba yangu alikuwa gadi. Akijua, atanipiga."

"Na akupige," akasema. Kisha uso wake ukalegea. Akavuta kigoda akaketi kando ya magunia ya dengu. "Rudisha tena nyuma. Pale Kisumu."

Akarudisha sindano. Tukasikiliza wote watatu, na mke wa Kalasinga akatoka jikoni na chai ya maziwa, akampa mama yule kikombe cha kwanza. Santuri ilipofika Elburgon, mama akainua kidole na kusema "Njoro!" kwa sauti kali, akaipachika mahali pake, na treni ikaendelea bila kuchelewa. Akatupa habari za duka la mumewe, za viazi vya kule, za jirani Mkikuyu aliyemzalisha mtoto wa kwanza mvua ilipokata barabara. Wateja waliingia wakajihudumia wenyewe. Alipoondoka Kalasinga alimfungia santuri moja kwenye gazeti, pamoja na pilipili, na akakataa kupokea chochote.

Tuliwasimulia wenzetu walipokuja kula kwetu. Siku hizo tulikuwa tumehamia karibu na Sutton Coldfield, kwa sababu ya kazi yangu, na kulikuwa na bustani ya kutosha kwa pacha wa mpiga gitaa kukimbizana na binti zetu. Mpiga gitaa alisisimka. Alitaka tutafute studio, turekodi upya, tuweke Njoro, na safari hii tuchague jalada wenyewe. Alikuwa tayari ameanza kupanga nani apige nini.

Mwoka mikate alikuwa anakula. Alimaliza kutafuna kwanza, kama kawaida yake.

"Tukirekodi upya," akasema, "yule mama atamsahihisha nani?"

Mke wangu akacheka, akamwongezea pilau. Mpiga gitaa alibisha kidogo, kwa desturi tu, kisha akaomba naye aongezewe. Nje watoto walikuwa wameanza kulia kwa jambo la baiskeli, na Kalasinga, aliyekuwa karibu na mlango, akatoka kwenda kuamua.